Usiteme Makapi: Mwongozo wa Kuongeza Nyuzinyuzi katika Mlo wa Nyumbani

Msimu wa machungwa ukifika, mji wa Tanga hunukia maganda. Mikokoteni iliyosheheni machungwa ya Muheza husimama kando ya barabara za Ngamiani, na muuzaji aliyeizoea kazi yake humenya chungwa kwa kisu kwa mzunguko mmoja mrefu, akalikata kichwani na kumkabidhi mteja. Mteja hulibinya, akafyonza maji mpaka tone la mwisho, kisha kile kilichosalia mkononi, yaani ile nyama yenye vifuko na utando mweupe, hukitupa. Tumekiita makapi tangu utotoni, na jina lenyewe limetuzoesha kukidharau. Hata hivyo, wataalamu wa lishe nchini mwetu hulitumia neno hilohilo kwa heshima: sehemu ya chakula cha mimea ambayo utumbo hauwezi kuisaga huiita makapi-mlo, na wengi wetu huiita nyuzinyuzi.

Nauandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu anayepika nyumbani, au anayeamua kitakachopikwa. Sitamtaka anunue vidonge wala unga wa kopo. Nyuzinyuzi zinazohitajiwa na familia ya Tanga tayari zipo sokoni Mgandini na mashambani, ila tunazikoboa, tunazichuja na kuzitema kabla hazijafika tumboni.

Kazi ya nyuzinyuzi mwilini

Nyuzinyuzi hupatikana katika mimea peke yake. Samaki, nyama, mayai na maziwa havina hata chembe, na ndiyo maana mtu anaweza kula wali na samaki wa kupaka kila siku, akaonekana ameshiba na kunawiri, na bado tumbo lake likawa na upungufu. Sisi ambao mkoa wetu umeishi na mkonge tangu mche ulipoletwa mwaka 1893 tusichanganywe na jina: hatuzungumzii singa za kusokotea kamba. Lakini mfano wa mkonge unasaidia, kwa kuwa katika korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, mashine hukwangua nyama ya jani ili singa zibaki, ilhali vinu na vichujio vyetu vya jikoni hufanya kinyume chake, hubakiza unga na maji na kuziondoa nyuzi.

Zipo za aina mbili, na vyakula vingi huwa nazo zote kwa viwango tofauti. Aina ya kwanza huyeyuka au kuvimba katika maji. Ukitaka kuiona kwa macho, katakata bamia nne, zitie katika bakuli la maji, ziache kwa dakika chache, kisha nyanyua kijiko: ule utelezi unaoning'inia kama uzi ndio wenyewe. Utelezi wa namna hiyo hukifanya chakula kitoke tumboni polepole, kwa hiyo sukari huingia katika damu kidogo kidogo badala ya kupanda kwa ghafla, na mtu hubaki na shibe kwa muda mrefu. Utelezi huo pia hunasa sehemu ya nyongo na kutoka nayo katika choo. Kwa kuwa ini hutengeneza nyongo kutokana na lehemu (kolesteroli), hulazimika kuchota lehemu nyingine kutoka katika damu ili lijaze pengo, na hivyo lehemu mbaya katika damu hupungua. Mbali na bamia, nyuzinyuzi hizo zimo katika kunde, maharage, nyama ya chungwa na mapera.

Aina ya pili haiyeyuki. Ni pumba za mahindi, ngozi ya mbaazi, mishipa ya majani ya kisamvu na matembele. Hizo huongeza wingi wa choo na kushikilia maji ndani yake, kikawa laini na chepesi kutoka. Mwenye choo kigumu hujikamua kila anapokwenda haja, na kujikamua huko kwa miaka huifanya mishipa ya damu ya njia ya haja kubwa ivimbe. Hiyo ndiyo bawasiri, ambayo watu wengi huivumilia kimya kwa sababu ya haya.

Kuna jambo la tatu ambalo huzungumzwa mara chache. Utumbo mpana una bakteria wengi mno wanaoishi nasi, na nyuzinyuzi ambazo sisi hatukuweza kuzisaga ndizo chakula chao. Wanapozichachusha hutoa asidi za mafuta, mojawapo ikiitwa butireti, ambayo chembe hai za ukuta wa utumbo mpana huitumia kama nishati yao kuu. Tunapokula sembe nyeupe na soda, wakazi hao hukosa chakula, na ukuta huo hukosa pia.

Elimu hii ina mizizi katika Afrika Mashariki. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alifanya kazi Uganda kwa takriban miaka 20 hadi katikati ya miaka ya 1960, naye alitambua kwamba maradhi kadhaa ya utumbo yaliyojaa katika hospitali za Uingereza yalikuwa nadra kwa wanavijiji waliokula nafaka na mizizi isiyokobolewa. Baadhi ya maelezo yake yamerekebishwa na tafiti zilizofuata, lakini hoja kuu imesimama. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya tafiti 185 za ufuatiliaji na majaribio 58, ulionyesha kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi zaidi walipungukiwa kwa asilimia 15 hadi 30 na hatari ya kufariki mapema, maradhi ya moyo, kiharusi, kisukari cha aina ya pili na saratani ya utumbo mpana, wakilinganishwa na waliokula kidogo zaidi. Tafiti za ufuatiliaji peke yake haziwezi kuthibitisha sababu, ila katika majaribio nako uzito, lehemu na shinikizo la damu vilishuka.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linapendekeza angalau gramu 25 kwa siku kwa kila mtu kuanzia umri wa miaka 10, gramu 21 kwa watoto wa miaka 6 hadi 9, na gramu 15 kwa wale wa miaka 2 hadi 5.

Hatua ya kwanza: andika ulichokula kwa siku tatu

Chukua daftari, uandike kila kilichoingia kinywani kwa siku tatu za kawaida, siku ya shughuli isiwemo. Usibadilishe chochote bado. Kisha zungushia duara kila chakula cha mmea ambacho hakikukobolewa, hakikuchujwa wala kukamuliwa. Watu wengi wa mjini watakuta duara chache mno, au hakuna kabisa: chai na mandazi asubuhi, wali wa nazi na samaki mchana, chapati jioni. Kikombe cha wali mweupe kina nyuzinyuzi zisizofika gramu 1, na tui halileti chochote cha maana, kwa kuwa nyuzi za nazi zimebaki katika machicha tuliyowatupia kuku.

Hatua ya pili: ipe jamii ya kunde nafasi yake kila siku

Kama msomaji atafuata hatua moja tu, naomba iwe hii. Hakuna chakula katika soko letu kinacholeta nyuzinyuzi nyingi kwa fedha kidogo kama kunde na ndugu zake. Kikombe kimoja cha mbaazi zilizoiva kina takriban gramu 11, kunde ni karibu kiasi hichohicho, na choroko hufikia gramu 15. Maana yake ni kwamba bakuli moja la mbaazi humfikisha mtu mzima karibu na nusu ya safari ya siku nzima.

Nasi wa pwani tuna bahati, kwa kuwa mbaazi za nazi ni chakula chetu cha asubuhi tangu enzi za bibi zetu. Tatizo liko katika mizani ya sahani: mandazi manne na mbaazi kijiko kimoja cha kuchovyea. Igeuze. Weka bakuli la mbaazi lililojaa, na mandazi moja au mawili pembeni.

Upishi wake unahitaji subira kidogo. Usiku, zichague mbaazi katika ungo, uondoe mawe na zilizotobolewa na wadudu, uzioshe, kisha uziloweke katika maji mengi kwa saa 8 hadi 12. Asubuhi utaziona zimevimba na maji yamegeuka rangi, yana povu jembamba juu. Yamwage maji hayo yote, kwa sababu yamebeba sehemu ya sukari zinazosababisha gesi tumboni. Kuloweka pia hupunguza kemikali za asili za mbegu zinazozuia mwili kufyonza madini ya chuma na zinki. Chemsha kwa maji mapya mpaka mbaazi ibonyee kati ya vidole viwili bila kubaki na kiini kigumu, ndipo utie kitunguu, bizari na tui. Tui la pili, lile jepesi, linatosha. Tui zito lina mafuta mengi yanayopandisha lehemu, na si busara kuishusha lehemu kwa mbaazi huku tukiipandisha kwa nazi iliyokamuliwa bila kipimo. Kamua ndimu juu ya sahani unapokula, kwa kuwa uchachu wake una vitamini C, inayousaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mbaazi.

Maharage mekundu yana sharti la ziada: baada ya kuloweka, lazima yachemke kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto, kwa maana yakiwa mabichi au nusu mabichi yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha.

Hatua ya tatu: kaa na mwenye mashine ya kusaga

Mahindi yanapokobolewa ili yatoke sembe nyeupe, yanapoteza ganda, yaani pumba, na sehemu kubwa ya kiini. Unga wa dona, uliosagwa punje nzima, una takriban gramu 7 za nyuzinyuzi katika kila gramu 100, na sembe iliyokobolewa vizuri ina sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Tofauti hiyo kwa mtu anayekula ugali kila siku ya maisha yake ni kubwa kuliko dawa yoyote ya kusafisha tumbo inayouzwa mitaani.

Najua kikwazo. Dona imebandikwa sifa ya chakula cha bweni na cha shida, na mgeni akiandaliwa ugali wa rangi ya udongo mwenye nyumba huona haya. Binafsi naona haya hiyo imetugharimu afya, na sijui njia ya kuiondoa isipokuwa kupika dona nzuri na kuiweka mezani mbele ya wageni bila kuomba radhi. Kwa familia iliyozoea sembe, anza kwa kuchanganya: sehemu moja ya dona kwa sehemu tatu za sembe kwa wiki ya kwanza, kisha nusu kwa nusu, kisha uendelee. Dona huhitaji maji zaidi kidogo na muda mrefu zaidi wa kusonga, la sivyo hubaki na ladha ya unga mbichi, na hapo ndipo watu huichukia.

Saga kidogo kidogo, kiasi cha wiki mbili hivi. Kiini kina mafuta, na katika joto la pwani unga wake huanza kuwa mchungu mapema kuliko sembe. La muhimu zaidi, usisage dona kwa mahindi yenye ukungu, yaliyobadilika rangi au ambayo hayakukauka sawasawa. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haionekani kwa macho kila mara, haiondoki kwa kupikwa, na hukaa zaidi katika ganda na kiini, sehemu zilezile ambazo dona huzibakiza. Kwa hiyo anayekula dona anapaswa kuwa mkali katika kuchagua mahindi kuliko anayekula sembe.

Ulezi, mtama na uwele usiokobolewa vinafaa sana kwa uji wa asubuhi. Wapenzi wa chapati wanaweza kutumia unga wa ngano usiochujwa, au kuuchanganya na ule mweupe. Bada, ugali wetu wa muhogo, una nyuzinyuzi chache. Sisemi uachwe, maana ni chakula cha wazee wetu na una ladha isiyo na mbadala, ila usiliwe na samaki peke yake. Uende na mboga ya majani kama mchunga au kisamvu, au na kunde.

Hatua ya nne: tafuna tunda, ongeza majani

Chungwa zima la wastani, likiliwa na nyama yake, lina takriban gramu 3 za nyuzinyuzi. Glasi ya juisi iliyochujwa hutumia machungwa matatu au manne, huleta sukari ya yote hayo, na huacha karibu nyuzi zote katika kichujio. Menya chungwa kwa mkono, gawa vipande, tafuna na umeze. Pera lina kiasi kama hicho, na mbegu zake hazina madhara kwa mtu mzima mwenye tumbo la kawaida. Nusu ya parachichi la wastani kutoka Lushoto ina gramu 6 hadi 7. Viazi vitamu vioshwe vizuri na vichemshwe na maganda yake.

Mboga za majani ziwe fungu la kila mlo, zisiwe pambo la pembeni.

Kwa mahesabu ya haraka: kikombe cha mbaazi asubuhi (gramu 11), ugali uliopikwa kwa gramu 100 za dona mchana (gramu 7), bakuli dogo la mchicha (gramu 3), chungwa moja na pera moja (gramu 6). Jumla ni gramu 27, na hakuna kilichotoka nje ya mkoa.

Hatua ya tano: nenda polepole, na maji yasikosekane

Hapa nilikosea, na kosa langu lilimuumiza mama yangu mzazi. Ana kisukari na alikuwa akifunga choo kwa siku tatu hadi nne. Nilipoanza kusoma juu ya nyuzinyuzi nilibadilisha kila kitu kwa wiki moja: dona tupu, maharage mchana na usiku, matunda kwa maganda. Sikuangalia kwamba anakunywa vikombe viwili tu vya maji kwa siku. Tumbo lilimjaa gesi, likakakamaa, na choo kikafunga zaidi ya awali. Siku ya sita aliisukuma sahani akaniambia kwa upole, "Mwanangu, najua wanitakia mema, lakini tumbo hili halijapumua tangu Jumatatu."

Tulirudi nyuma. Wiki ya kwanza tukaongeza kitu kimoja tu, nusu kikombe cha choroko kilichoiva sana, na chupa ya maji tukaiweka karibu na kiti chake tangu alfajiri. Wiki ya pili tukaongeza chungwa. Dona iliingia wiki ya nne, ikiwa imechanganywa. Kufikia mwisho wa mwezi wa pili alikuwa akipata choo karibu kila siku bila kujikamua.

Sababu ni kwamba bakteria wa utumbo huhitaji muda kuizoea kazi mpya, na nyuzi zisizo na maji huwa kama pumba kavu zilizoshindiliwa gunia. Mtu mzima wa kawaida alenge lita moja na nusu hadi mbili za maji kwa siku, na zaidi ya hapo katika jua la Kaskazi. Mgonjwa wa moyo au figo aliyewekewa kipimo cha maji na daktari akifuate kipimo hicho. Kutembea kwa nusu saa kila siku nako huusaidia utumbo kusukuma.

Hatua ya sita: angalia nani yuko mezani

Mtoto aliye chini ya miaka miwili ana tumbo dogo; akijazwa pumba hushiba kabla hajapata nishati ya kutosha. Mpe uji laini, matunda yaliyopondwa na mbaazi zilizosagwa. Mzee asiye na meno apikiwe kunde mpaka zipondeke.

Mwenye kisukari akumbuke kwamba ugali wa dona bado ni wanga na embe bado lina sukari. Kipimo cha sahani hakifutwi na nyuzinyuzi. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari apime mara kwa mara anapobadilisha mlo, kwa kuwa sukari inaweza kushuka kuliko alivyozoea. Mgonjwa wa figo azungumze na mtaalamu wa lishe kabla ya kuongeza kunde na matunda, kwa sababu ya madini ya potasiamu.

Mwezi wa Ramadhani unastahili kuangaliwa kwa makini, kwani malalamiko ya kufunga choo huongezeka. Futari ya kwetu ina mazuri mengi: tende, kunde, maharage, magimbi, viazi vitamu. Kinachoharibu ni tambi za sukari, vitumbua na vya kukaanga vinavyochukua nafasi ya hayo, na maji yanayonywewa yote kwa mkupuo wakati wa kufuturu. Yagawe maji kati ya futari na daku, na daku iwe na kunde au uji wa ulezi badala ya chai na mkate mweupe. Shibe yake itakwenda nawe mpaka mchana.

Hatua ya saba: jua lini chakula si jibu

Damu katika choo isihukumiwe nyumbani kuwa ni bawasiri. Inaweza kuwa bawasiri, na inaweza kuwa saratani. Nenda hospitali ukaone daktari ikiwa kuna damu, ikiwa choo kimebadilika kwa wiki kadhaa bila sababu, ikiwa unapungua uzito bila kukusudia, au ikiwa una upungufu wa damu usioelezeka. Tumbo lililovimba ghafla kwa maumivu makali, kutapika, na kushindwa kutoa choo wala hewa ni dharura ya siku hiyohiyo, na wakati huo usile nyuzinyuzi wala usinywe dawa ya kukufanya uharishe. Aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni, au aliyeambiwa kwamba utumbo wake una sehemu nyembamba, apate kwanza ruhusa ya daktari wake, aende na lile daftari la siku tatu, na amwoneshe.